Watu Kumi na Wanne Walioniazima Maneno

Walisema sitamaliza hata muhula wa kwanza. Alisema hivyo mwenye nyumba wangu wa Kanyenye, akasema tena muuza chipsi wa mbele ya geti la chuo, na karani wa udahili aliyepokea vyeti vyangu alivigeuzageuza kama anayetafuta doa, kisha akaniuliza, "Miaka minane ulikuwa ghalani Maskati unahesabu maboksi, kaka. Sasa chuo unakitakia nini?" Nilimjibu kwamba nilikwenda Maskati sijui hata kuwasha kompyuta na nikarudi nikiwa ninaendesha ghala zima kwa kompyuta. Nilimwambia kwamba Kiingereza na Kiarabu cha kazini nilijifundisha mwenyewe, na kwamba niliporudi Tabora nilisoma stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu bila kusaidiwa na mtu, nikatoka wa pili darasani. Yote hayo ni kweli mpaka leo. Cheti cha stashahada nimekitundika dukani kwangu, juu ya mashine ya fotokopi, na mteja anaweza kukisoma akisubiri karatasi zake zitoke. Digrii haipo. Walioniambia sitaimaliza walipatia, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyejua itakuwaje.

Ninaandika kwa sababu mwezi uliopita tulimuaga Dakta Felista. Misa ilisomwa asubuhi, kabla gari halijaondoka na mwili kwenda kwao Bukoba, na nje ya kanisa nikakutana na Shija, tuliyepanga naye chumba mwaka ule. Sasa ni mhadhiri msaidizi, amenenepa na amevaa miwani. Tulisimama kando ya ukuta huku wanakwaya wakikunja majoho yao. Nikamuuliza kazi inakwendaje. "Nina insha za darasa zima mezani," akasema, "na zote zimeandikwa vizuri. Vizuri mno, Maskati. Hakuna hata moja yenye kosa, wala hakuna hata moja yenye mtu ndani yake." Nikamuuliza anazisahihishaje. Akaangalia lile gari lililobeba jeneza, akashusha sauti kama mtu anayeungama. "Namwomba Mjomba anisaidie kusahihisha." Hakucheka, nami sikucheka. Yule pekee ambaye angemgombeza alikuwa ndani ya gari.

Mjomba ndiye jina tulilokuwa tumeipa ile programu ya akili unde mwaka ule, kwa sababu haikatai ombi na kila wakati ina jibu. "Umeshamuuliza Mjomba?" ndiyo ilikuwa salamu ya asubuhi kwenye foleni ya chai. Chumba chetu cha Kanyenye kilikuwa nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, meza moja yenye mguu uliofungwa kamba, na dirisha linalotazama ua ambako mke wa mwenye nyumba alikuwa akianika uyoga msimu wa mvua, na harufu yake ikaingia hata kwenye mashuka. Mchana tulikula wali na maharage kwa mama mmoja wa jirani, na jioni tulikunywa chai kwa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ambayo Shija aliletewa na dada yake kutoka Igunga. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na sita, yeye ishirini na mbili, na darasa zima liliniita Maskati. Sikukasirika. Ilipokuja programu ile mimi ndiye niliyeijua kabla yao wote. Niliwaonyesha jinsi ya kuiuliza swali, jinsi ya kuikatalia jibu la kwanza na kudai la pili, na wanafunzi wa mwaka wa tatu walikuwa wakija chumbani kwetu na soda mkononi kuomba somo. Sikuwahi kuheshimiwa hivyo Maskati, na nikikaa kimya nisiseme kwamba nilipenda nitakuwa ninadanganya.

Wahadhiri nao hawakuwa mbali. Siku moja nilikuwa kantini, nyuma ya nguzo, nikasikia wawili wakizungumza huku wakila. Mmoja alisema, "Notisi za wiki nzima nimezipata kwa dakika tano." Mwenzake akamuuliza, "Umezisoma?" Yule wa kwanza akajibu, "Watazisoma wao." Wakacheka, wakaendelea na samaki wao. Wiki hiyohiyo mmoja wao alisimama mbele yetu akatuonya kwamba atakayekutwa ametumia mashine atapewa sifuri. Tulimsikiliza kwa adabu, notisi zake za dakika tano zikiwa mezani mbele yetu.

Dakta Felista hakuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa mfupi, mwembamba, na alitembea na chupa ya chai ya rangi ambayo hakumgawia mtu. Alitupa ukurasa mmoja tu wa masharti na akausoma kwa sauti, neno kwa neno. Alituruhusu kumtumia Mjomba kunyoosha lugha, kutafuta pa kuanzia, kupangilia. Lakini kila mahali tulipomtumia lazima tuandike kwamba tumemtumia, na kwa kazi gani. Sauti ya mtu aliyetuamini haingii kwenye mashine bila yeye mwenyewe kuelezwa na kukubali. Kila alichokisema Mjomba kithibitishwe kwa macho au masikio yetu. Na chochote tutakachokiweka kwenye karatasi, tuwe tayari kukitetea kwa mdomo, tumesimama, bila simu. "Mimi sina ugomvi na mashine," alisema. "Nina ugomvi na mtu anayeweka jina lake juu ya jambo asilolijua." Halafu akaongeza sharti ambalo sikuwahi kulisikia kwa mwalimu mwingine. Mtu akikupa maneno yake hajakupa, amekuazima. Ukimaliza kuyaandika unayarudisha kwake, unamsomea yote, na kama ndivyo alivyosema anaweka dole gumba. Asipoweka, hayachapwi.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa njia ya zamani ya misafara. Mradi ulitaka kumbukumbu za familia ambazo babu zao walikuwa wapagazi, waliobeba mizigo kutoka huku Unyanyembe mpaka pwani na kurudi. Katika kikao cha kwanza Dakta Felista aliuliza, "Nani anajua Kinyamwezi, cha kutosha kumsikiliza mzee bila mkalimani?" Shija alijibu kwa uangalifu, "Mimi ni Msukuma, Madamu. Kinyamwezi nakisikia, kwa sehemu kubwa." Mimi nikanyoosha mkono juu kabisa. Nikasema ni lugha ya nyumbani. Nilizaliwa hapa mjini, na sisi wa mjini tunajivunia Kiswahili chetu tangu hatujaota meno. Kinyamwezi changu kilikuwa salamu, majina ya vyakula na matusi mawili. Lakini nilikuwa mtu mzima kati ya watoto, mtu aliyetoka nje akarudi, na sikuweza kusema mbele yao kwamba lugha ya babu zangu imenipita. Watu wanaoishi hapa wanajua ninachosema. Kuna wengi mjini ambao wakienda kijijini huitikia kwa kichwa tu.

Nilipewa watu kumi na wanne. Nilikwenda kwao kwa basi, kwa bodaboda na kwa miguu, na nasema bila aibu kwamba hakuna mwanafunzi aliyefanya kazi ya uwandani kama mimi. Nilifika nilikoambiwa hakufikiki wakati wa mvua. Wengi walizungumza Kiswahili, wakachanganya hapa na pale. Bibi Kalunde, aliyeishi nje kidogo ya Puge, ndiye aliyenishinda, ingawa siku ile nilidhani nimemshinda mimi. Nilimkuta ameketi sebuleni kwenye kigoda, akimenya karanga ndani ya ungo. Nikamsalimia, "Mwangaluka," akaniangalia kwa furaha kama aliyeletewa barua. Tulianza kwa Kiswahili. Akanieleza kwamba babu yake Masanja alikwenda pwani. Kisha akamwambia mjukuu wake Monika, mwalimu wa shule ya msingi, aende akatazame mbuzi, akanyanyuka mwenyewe akafunga mlango. Alipoketi tena alizungumza Kinyamwezi, kwa sauti ya chini, kwa muda wa kama dakika ishirini. Simu ilikuwa juu ya goti langu ikirekodi. Nilisema, "Ee, bibi. Ee." Alipofuta macho kwa ncha ya khanga, niliinamisha kichwa. Aliposhika mkono wangu na kusema jambo kama anayenisihi, nilisema tena, "Ee, bibi." Kisha akafungua mlango, Monika akaleta asali na maji ya kunawa, tukala.

Hata fomu ya ridhaa nilimsomea haraka, na kipengele cha mashine nikakiruka, kwa sababu nilijiambia kwamba bibi wa umri ule atachanganyikiwa tu. Jumapili mchana, Shija akiwa anapiga pasi kitandani, nikampa Mjomba sauti zote kumi na nne. Shija akasikia kipande cha sauti ya Puge kikicheza kwenye simu. "Huyu anaongea Kinyamwezi tupu," akasema. "Lete tusikilize pamoja, kaka. Nikikwama mahali tutampigia dada, yeye anakijua." Nilimwambia aendelee na pasi yake. Nikamwambia kwamba mimi nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu, mashine inanisaidia kuandika tu. Baada ya muda mfupi ukurasa ulijaa. Mjomba hakusema hajui. Alitoa Kiswahili kilichonyooka, kizuri kuliko changu, na ndani yake Masanja alikuwa shujaa: "Babu yangu Masanja alibeba pembe ya ndovu begani kwa miezi mitatu, na kila jioni aliwaimbia wenzake ili mioyo yao isichoke." Niliusoma mara mbili. Machozi ya bibi niliyaona humo, nikaridhika kwamba alikuwa akilia kwa fahari.

Sikurudi kumsomea mtu yeyote. Kwenye kila fomu niliandika kwamba nimerudi, na alama za dole gumba nilizipata kwa njia ambayo nikiitaja duka langu litapoteza wateja, basi itoshe kusema vidole vyote vilikuwa vyangu. Idara ilichapa kijitabu, ikakiweka pia mtandaoni, na nakala zikapelekwa kwenye shule za vijiji vilivyohusika. Ukurasa wa Bibi Kalunde ndio uliopendwa zaidi. Mkuu wa idara alinishika bega mbele ya watu. Nilipita kwa yule muuza chipsi nikiwa na kijitabu mkononi, nikanunua sahani mbili ingawa nilikuwa peke yangu.

Utetezi wa ripoti ulifanyika chumba cha mikutano, saa nne asubuhi. Tulikuwa watatu tu: Dakta Felista, mimi, na Shija aliyekuwa anasubiri zamu yake. Nilijibu maswali yote. Alipofika ukurasa wa Puge aliweka kompyuta katikati ya meza, akacheza sauti ya bibi, akaisimamisha. "Hapa anasema nini?" Nilimsomea kutoka kichwani yale ya pembe na nyimbo. Akamgeukia Shija. "Ni hivyo?" Shija akatazama viatu vyake. "Madamu, Kisukuma na Kinyamwezi si kitu kimoja kabisa," akasema. Alikuwa ananisitiri, na hakuna aliyewahi kunifanyia hivyo hapo kabla. Dakta Felista akakubali kwa kichwa, akacheza sauti tena, safari hii mpaka mwisho, chai yake ikipoa.

"Mimi ni Mhaya," akasema. "Sijui hata neno moja la lugha hii. Lakini jina nalisikia. Bibi huyu ametaja Ngasa mara sita. Ngasa ni nani?"

Nikafunua ripoti yangu, nikaanza kulitafuta jina hilo.

"Kwenye karatasi yako hayumo hata mara moja. Nakuuliza tu. Ni mto, ni mbuzi, ni mtu?"

Nilisema nadhani ni mtu. Akafunga kompyuta polepole, akasema, "Unadhani," kisha akamwomba Shija aende nje.

Kuyaelewa maneno ya bibi kulichukua siku mbili za Shija na simu tano kwa dada yake. Tulikaa mezani chumbani, yeye akisikiliza na kuandika, mimi nikimtazama mdomo. Walikuwa wawili, Masanja na mdogo wake Ngasa. Walibeba chumvi na majembe, si pembe. Walipofika Mgunda Mkali, ile nyika isiyo na maji kabla hujaingia Ugogo, Ngasa akashikwa na ndui. Kiongozi wa msafara akaamuru mgonjwa aachwe na mzigo usiachwe. Masanja akauchukua mzigo wa mdogo wake, akauweka juu ya wake, akaondoka. Ngasa alikuwa bado anaongea. Alimwita kaka yake mpaka sauti ikapotea nyuma. Masanja alilipwa vitambaa vya watu wawili, na kwa vitambaa vya Ngasa akaoa, na kwa ndoa hiyo akazaliwa baba yake Kalunde. Shija alisimama hapo, akanywa maji, akaniandikia sehemu ya mwisho neno kwa neno. Ninayo mpaka leo. "Wanangu sijawaambia. Nimekuambia wewe kwa sababu wewe ni mtoto wa kwetu na unaandika. Mimi nimetokana na yule aliyeachwa. Andika jina lake. Toka siku ile hakuna aliyelitaja." Na mimi nikasema, "Ee, bibi." Sauti yangu imo kwenye rekodi. Inasikika vizuri kabisa.

Kamati ya nidhamu ilikaa nusu saa. Nilifukuzwa, na sikukata rufaa, kwa sababu mimi si mtu wa kuomba. Kijitabu kiliondolewa mtandaoni, lakini kilikuwa kimeshanakiliwa na wengine wasiohesabika, na kuondoa kile kimoja kulikuwa kama kufuta jina kwenye daftari moja la ghala wakati shehena imeshatoka bandarini. Leo hii wanafunzi wanaleta insha zao nichape, na karibu kila mwezi ninakutana na Masanja akiwaimbia wenzake kila jioni. Niliwahi kumwambia binti mmoja kwamba maneno hayo si ya kweli, kwamba mimi ndiye niliyeyaingiza duniani. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Lakini Mjomba kanipa chanzo, kaka." Akanionyesha. Chanzo kilikuwa mimi. Nilijaribu hata kumwuliza Mjomba mwenyewe kuhusu Ngasa. Alinijibu kwa heshima kwamba hana taarifa za mtu huyo katika historia ya misafara, halafu akajitolea kunisimulia habari za Masanja.

Siku niliyotoka kwenye kamati, Dakta Felista alinikuta nafungasha vitabu maktaba. Nilidhani atanihubiria. Alisimama tu na chupa yake ya chai. "Chuo kimekufukuza," akasema. "Wale watu kumi na wanne hawajakufukuza. Bado unadaiwa." Nikamwambia hakuna atakayenipa alama kwa kazi hiyo. "Hakuna," akasema. "Wala sidhani itasaidia kitu. Nenda tu." Akanipa kidau chake cha wino na daftari jipya.

Na nilikwenda. Hili sitamruhusu mtu anipunguzie. Nilikwenda bila posho ya mradi, bila barua ya chuo, nikiwa nimeandika upya kila mahojiano kwa mkono baada ya kusikiliza na Shija, na Mjomba sikumgusa hata kwa nukta. Mzee mmoja nilimkuta ameshazikwa, nikamsomea mwanawe, akaweka dole gumba huku akitazama redio. Wengine walisikiliza kwa subira, wakauliza kama kuna mradi mwingine unaokuja, wakabonyeza. Mama mmoja wa Kikatoliki alinikatiza kabla sijafika nusu. "Baba, mimi nilishasahau kama ulikuja." Nilimsomea yote hata hivyo. Watu kumi na watatu. Wote walithibitisha, na sikumwona hata mmoja ambaye ilimletea furaha wala hasira. Kabla ya safari ya mwisho nilimpigia Shija. Akaniambia, "Kwa bibi nenda taratibu, kaka. Mtafute akiwa peke yake." Nikamwambia najua kazi yangu.

Nilishuka Puge kabla ya saa sita, nikachukua bodaboda. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Monika alikuwepo, anamenya viazi vitamu karibu na mlango. Bibi alikuwa kwenye kiti cha plastiki kipya, si kwenye kigoda. Ukutani, pembeni ya kalenda ya parokia, ukurasa wa kijitabu ulikuwa umebandikwa kwa gundi na kuzungushiwa karatasi ya rangi. Monika akaniamkia, "Shikamoo," akanieleza kwa furaha kwamba aliusoma ukurasa ule kwenye sherehe ya shule. Wazee walisimama, watoto wakapiga makofi, na bibi akakalishwa mbele na wageni, akavishwa khanga. "Sasa wanamwita mjukuu wa Masanja wa pembe," akasema. "Tangu hapo hata afya imerudi. Si ndiyo, Bibi?" Bibi akatabasamu, akasema kwa Kiswahili, "Mungu ni mwema."

Ningeweza kusema nimekuja kusalimia. Ningeweza kusubiri Monika aende kisimani. Lakini nilikuwa nimemaliza watu kumi na watatu, na nilitaka kumaliza, na nilikuwa na fahari ya kuwa mtu anayekuja kutubu kwa miguu yake mwenyewe, tena mbele ya shahidi. Nikasema ukurasa ule una makosa, ni makosa yangu, na nimekuja na maneno yenyewe. Nikatoa simu, nikacheza sauti ili wasidhani nimetunga tena.

Sauti ya bibi ikajaa sebuleni. Kisu cha Monika kilikwenda polepole, kikasimama. Yeye Kinyamwezi anakijua. Jina lilipotajwa mara ya tatu aliinua uso. Bibi hakuitazama simu. Alikuwa anatazama ukuta, pale penye karatasi ya rangi, na mikono yake ilikuwa imetulia mapajani kama mikono ya mtu aliye kanisani. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba siku ile alimtoa Monika nje kabla hajaanza. Nikaizima simu, lakini maneno yalikuwa yameshasikika.

"Bibi," Monika akauliza. "Ngasa ni nani?"

"Simjui."

"Lakini sauti ni yako."

Bibi Kalunde akanigeukia. Macho yake yalikuwa makavu, na hakuwa amesahau chochote. Hilo nililiona na nitaliapia popote. "Mashine za siku hizi zinaweza kutoa sauti ya mtu yeyote," akasema. "Si ndivyo ulivyonieleza, Monika, ulipotoka kwenye semina?"

"Ndivyo, Bibi," Monika akasema, na nilisikia jinsi alivyopumua. "Walituonyesha kabisa. Wanachukua sauti ya mtu, wanaisemesha wanachotaka." Akanitazama, si kwa ubaya. "Kaka, labda na wewe walikudanganya."

Nilikuwa na daftari lenye tafsiri ya Shija mkononi. Nilikuwa na rekodi. Nilikuwa na kila kitu ambacho Dakta Felista alitufundisha kuwa nacho, na hakuna hata kimoja ambacho ningeweza kukitumia bila kumvua mwanamke yule nguo mbele ya mjukuu wake. Nikasema inawezekana. Nikaeleza, kwa sababu ndiyo kazi iliyonileta, kwamba sharti ni moja tu. Mwenye maneno asomewe, aseme kama ndivyo alivyosema, aweke dole gumba. Neno lake ndilo la mwisho.

"Lete ule," bibi akamwambia Monika. Monika akaubandua ukurasa ukutani taratibu ili usichanike, akaulaza juu ya mapaja ya bibi yake, akamsomea kwa sauti ya darasani, kuanzia pembe ya ndovu mpaka nyimbo za jioni. Bibi alifuata midomo yake, na mahali pengine alitamka maneno kabla ya msomaji. Alipomaliza akasema, "Hivyo ndivyo nilivyosema." Akanyoosha mkono kuelekea kwangu, dole gumba limetengwa na vidole vingine. Nikafungua kidau cha wino, nikamshikia karatasi ileile. Alibonyeza kwa nguvu, akakizungusha kidogo kidole, kama watu wanavyofanya kwenye karatasi za uchaguzi. Kisha akamwagiza Monika aniletee maji ya kunawa, kwa sababu viazi vilikuwa karibu kuiva.

Nilikula. Nikaandika tarehe kwenye daftari, na mbele ya jina la kumi na nne nikaweka alama ya vyema, kama mbele ya yale mengine kumi na matatu. Tangu siku ile sidaiwi na mtu.